Waridi la Kunusa

Simama kwenye kona yoyote ya Nairobi ambako wauza maua hupanga ndoo zao, chagua waridi lililoumbika kuliko yote, kisha linuse. Mara nyingi kitakachokujia puani ni maji ya ndoo. Ua ni zuri, kikonyo kimenyooka, petali hazina doa, ila harufu hakuna. Na hii ndiyo nchi ambayo mashamba yake ya Naivasha na ya miguuni mwa Mlima Kenya hulisha masoko ya Ulaya mawaridi mwaka mzima.

Harufu hiyo haikuibwa na mtu. Iliachwa njiani. Waridi la biashara huchaguliwa kwa urefu wa kikonyo, kwa wingi wa maua linayotoa kwenye eneo dogo, na kwa uwezo wa kukaa kwenye sanduku la baridi, kupanda ndege, kupita mnadani Aalsmeer huko Uholanzi na bado kuchangamka mezani kwa mtu wiki nzima au zaidi. Mawaridi yanayonukia sana, kwa kawaida, hayana subira hiyo. Hufunguka upesi na kupukutika upesi. Kila walipolazimika kuchagua kati ya pua na safari, wazalishaji wa aina mpya walichagua safari. Wapo wachache waliokwenda kinyume, kama shamba la Tambuzi karibu na Nanyuki, ambalo limejijengea jina kwa mawaridi ya bustani yenye harufu. Lakini hayo ni maua ya bei, na mengi huishia kwa wapambaji wa harusi za ng'ambo.

Kwa hiyo anayetaka waridi la kunusa hana budi kupanda lake. Na hapo ndipo matatizo huanza, kwa sababu kando ya Ngong Road, au kando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, miwaridi huuzwa kwa rangi. "Huu mwekundu, mama. Huu wa pinki. Huu unapanda ukuta." Jina halipo, na muuzaji si wa kulaumiwa; mche umepita mikono mingi kabla ya kumfikia. Mnunuzi hubeba mweupe unaochanua kwa wingi, akaupanda karibu na dirisha la chumba cha kulala, akasubiri manukato. Ikiwa alichobeba ni Iceberg, aina iliyotolewa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958 na kuenea karibu kila bustani duniani, atapata maua tele, afya njema, na harufu ya kubahatisha tu.

Nimefikia msimamo ambao baadhi ya wapenzi wenzangu wa bustani hawaupendi: hakuna waridi moja bora la kunukia kwa Afrika Mashariki nzima. Kuna la mlimani na kuna la pwani. Anayelazimisha la mlimani liote pwani atavuna majani yenye madoa na gharama za dawa, na anayeamini kwamba pwani hakuoti waridi la maana hajatafuta mahali panapostahili.

Harufu inatoka wapi

Harufu ya waridi ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, na kila aina ina kipimo chake. Geranioli na sitroneloli huleta ule utamu wenye uchangamfu wa ndimu. Feniletanoli huleta harufu laini, nzito kidogo. Hii huyeyuka majini, ndiyo maana chupa ya marashi hunukia hiyo kuliko mafuta ya waridi yenyewe. Halafu ipo damaskenoni, ambayo imo kwa kiasi kidogo mno, lakini pua ya binadamu huikamata hata hivyo.

Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Science jambo lililowashangaza hata wakemia. Walichukua mawaridi mawili ya wazalishaji wa ukoo wa Meilland, yote mekundu: Papa Meilland, linalonukia sana, na Rouge Meilland, lisilonukia. Walikuta kwamba petali za lile la kwanza zina kimeng'enya kinachofanya kazi kubwa ya kutengeneza geranioli, na kwamba katika lile la pili kazi hiyo karibu imezimika. Cha ajabu ni kwamba mimea mingine inayojulikana hutengeneza kemikali hiyohiyo kwa njia tofauti kabisa.

Maana yake kwa mwenye bustani ni kwamba harufu ni ya kurithi. Hakuna mbolea, majani ya chai wala maganda ya ndizi yatakayolifanya waridi lisilonukia linukie. Ila lile lenye harufu linaweza kunyang'anywa na hali ya hewa. Jua kali na upepo mkavu hupeperusha mafuta yaliyo kwenye petali kabla hujafika bustanini. Wavunaji wa Kazanlak, Bulgaria, huingia shambani alfajiri, maana petali zilizochumwa jua likishapanda hutoa mafuta machache, nao huhitaji tani tatu hadi nne za petali ili wapate kilo moja. Wewe pia nenda kwa muuza miche mapema, saa mbili asubuhi, siku isiyo na upepo. Chagua ua lililofunguka nusu, kwani tumba halijaanza kunukia na lililofunguka kabisa limeshatoa lililokuwa nalo. Kama kuna baridi, lipulizie pumzi ya moto kwanza. Ukinusa mara tatu hujapata kitu, usimsikilize anayekuambia litanukia likizoea udongo.

Ndugu watatu wekundu

Kwa wakazi wa nyanda za juu, kuanzia Limuru, Nairobi na Nakuru hadi Arusha, Lushoto, Iringa, Mbeya, Bukavu na Kigali, uchaguzi ni mpana na wa kufurahisha. Usiku hupoa, mchana haukaushi, na harufu hukaa kwenye petali hadi mtu aamke.

Hapa ndipo mahali pa waridi jekundu zito, lile ambalo watu wengi huliona akilini wanaposikia neno waridi. Na katika mekundu, hakuna hadithi inayonivutia kama ya ndugu watatu. Marekani mwaka 1952 Walter Lammerts alitoa Chrysler Imperial, jekundu lenye harufu kali. Mwaka uliotangulia Ufaransa ilikuwa imetoa Charles Mallerin, jeusi zaidi, lenye umbo lisilotabirika. Wazalishaji wa pande mbili za Atlantiki, kila mmoja kwake, waliwaoanisha wazazi haohao wawili. Alain Meilland akapata Papa Meilland, lililotoka mwaka 1963. Huko California, Swim na Weeks wakapata Oklahoma na Mister Lincoln, yaliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1960. Baba mmoja, mama mmoja, na tabia tatu tofauti.

Papa Meilland ndiye mrembo wa ukoo. Rangi yake ni nyekundu ya giza, petali kama zimevikwa mahameli, na harufu yake ina kina ambacho wale wengine hawakifikii. Mwaka 1988 liliingizwa kwenye orodha ya heshima ya mawaridi ya dunia. Lakini mti wake ni dhaifu, hautoi maua mengi, na ubwiri unga huupenda kuliko jirani zake. Mahali kama Limuru, penye ukungu asubuhi na jua la kusuasua, utakuwa ukiuguza mgonjwa.

Oklahoma ni jeusi kuliko yote, linakaribia weusi wa zambarau likiwa tumba, nalo jimbo la Oklahoma limelifanya kuwa ua lake rasmi. Huvumilia joto vizuri kuliko kaka yake wa Kifaransa, ila penye baridi na unyevu matumba yake makubwa hukataa kufunguka na kuozea palepale kwenye tawi.

Mister Lincoln ndiye wa kazi. Hukua mrefu, hadi mita mbili, hivyo mpande nyuma ya wengine. Kikonyo chake ni kirefu kiasi cha kukatia chombo, harufu yake ni ile ya kale ya waridi la Damaski, nzito na tamu, na hutoa maua raundi baada ya raundi. Ua likizeeka wekundu wake hugeuka kidogo kuelekea zambarau, jambo ambalo wengine hulihesabu kuwa kasoro. Mimi sioni ubaya. Kama una nafasi ya mwaridi mmoja tu Nairobi, Arusha au Iringa, ninakushauri huu, kisha Papa Meilland umwachie mwenye muda na moyo.

Si lazima ubaki kwenye wekundu. Double Delight, la mwaka 1977, lina petali za krimu ambazo kingo zake hugeuka nyekundu zinapopigwa na jua. Wekundu huo huletwa na miale ya urujuanimno, kwa hiyo lililofunikwa kwenye nyumba ya kioo hubaki jeupe, na la mlimani huiva rangi vizuri. Harufu yake ina viungo ndani yake, si utamu mtupu. Fragrant Cloud, alilolitoa Tantau wa Ujerumani mwaka 1963, lina rangi ya matumbawe iliyokolea, na harufu yake husafiri: Mister Lincoln hukutaka uiname, Fragrant Cloud hukufuata hadi barazani. Kwa mtu anayetaka kunusa akiwa amekaa na kahawa yake, hilo ni jambo la kuzingatia kuliko rangi.

Waingereza waliorudi kwa mababu

Katikati ya karne iliyopita mkulima wa Shropshire, Uingereza, David Austin, aliona jambo ambalo wengi walilipuuza: mawaridi ya kisasa yalichanua mwaka mzima lakini yalikuwa yamepoteza umbo na harufu ya yale ya zamani, na ya zamani yalinukia lakini yalichanua mara moja tu kwa mwaka. Akaanza kuyaoanisha. Mtoto wake wa kwanza kuingia sokoni, Constance Spry wa mwaka 1961, alikuwa na harufu ya manemane yenye mwelekeo wa shamari, ambayo wengine huipenda na wengine huikimbia, lakini bado alichanua mara moja tu. Austin aliendelea hadi kifo chake mwaka 2018, akiwa na miaka 92, na kufikia hapo aina zake zilikuwa zimebadilisha bustani za dunia.

Kati ya hizo, Gertrude Jekyll la mwaka 1986 ndilo ninaloweza kumwekea mtu mbele bila maelezo. Mzazi wake mmoja ni Comte de Chambord, waridi la karne ya 19, na harufu imerithiwa nzima. Ni pinki iliyokolea, petali zimejaa hadi katikati. Graham Thomas la mwaka 1983 ni la manjano ya kweli, rangi ambayo mawaridi ya zamani ya Ulaya hayakuwa nayo kwa umbo hilo, na harufu yake ni ya majani makavu ya chai: ya utulivu, si ya kelele.

Onyo moja. Austin alipima miti yake kwa hali ya hewa ya Shropshire. Chini ya jua la ikweta, bila majira ya baridi ya kuisimamisha, hutupa fito ndefu za mita mbili na nusu zenye ua moja kileleni, na mwenyewe hubaki akishangaa kwa nini kitabu kilimwambia ni kichaka cha mita moja na robo. Usiikate yote kwa hasira. Inamishe fito hizo, uzifunge zilale kwenye uzio au kwenye waya, na kila jicho lililo kwenye ufito litatoa kitawi chenye ua. Gertrude Jekyll, hasa, huwa na furaha zaidi akichukuliwa kama mti wa kupanda ukuta.

Pwani

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari za manukato. Wana asumini, kilua, mkadi, rehani na mlangilangi. Wanajua kutunga kikuba, na mrashi ukipitishwa kwenye maulidi au harusi kila mtu hufungua viganja. Kilichomo ndani ya mrashi, kwa asili yake, ni Damaski. Ndilo waridi la Bulgaria na la Isparta nchini Uturuki, la Taif, la Kashan huko Uajemi, na la Jabal Akhdar nchini Oman, mlima ambao wengi wenye jamaa Oman wamewahi kuletewa chupa yake. Kule, kwenye vijiji kama Al Ayn na Ash Shirayjah, karibu mita 2,000 juu ya bahari, bustani za ngazi humwagiliwa na falaji, mifereji ya jadi ya maji, petali huvunwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na hutoneshwa kwa vyungu juu ya tanuri za udongo. Marashi ya jadi ya mlima ule yana moshi ndani yake, na mwenye kuyazoea huona mengine kama maji.

Ndiyo maana msomaji wa Unguja, Tanga au Mombasa anapoamua kupanda waridi, kwanza huulizia Damaski. Jibu langu ni la kuvunja moyo. Damaski ya marashi ni mti wa majira manne. Huhitaji miezi ya baridi ndipo macho yake yajigeuze kuwa maua, na hata ikipata, huchanua mara moja kwa mwaka. Jabal Akhdar huwa na usiku wa baridi kali, mara nyingine chini ya nyuzi sifuri. Tanga haina. Utapata kichaka cha miiba chenye majani mazuri.

Lakini Damaski ina mjukuu, na mjukuu huyu alizaliwa kwetu, kwenye Bahari ya Hindi. Mashariki ya Madagaska kuna kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Wakulima wake walipanda miwaridi kuwa ua wa mashamba, na ua huo ulichanganya aina mbili: Damaski ya vuli, ile adimu inayochanua zaidi ya mara moja, na Old Blush, waridi la Kichina ambalo halijui kupumzika. Mwanzoni mwa karne ya 19, karibu mwaka 1817, mtaalamu wa mimea wa Kifaransa aitwaye Bréon aliona kati ya nyua hizo mti usiofanana na wowote. Nyuki walikuwa wameshafanya kazi yao. Wakazi wa kisiwa waliuita Rose Edouard. Mbegu zake zilipelekwa Ufaransa, na kutokana nazo ukazaliwa ukoo mzima wa mawaridi ya Bourbon. Rose Edouard lenyewe lilifika India, ambako bado hulimwa kwa ajili ya petali na marashi, kwenye joto ambalo Damaski halisi isingelistahimili kwa furaha.

Huu ndio ukoo wa kuulizia. Una harufu ya babu, na kutoka upande wa Uchina una damu ya kuchanua bila kungoja baridi. Madame Isaac Pereire, la mwaka 1881, wapenzi wengi hulitaja miongoni mwa mawaridi yenye harufu kali kuliko yote. Zéphirine Drouhin, la mwaka 1868, halina miiba, kwa hiyo linafaa mlangoni penye watoto. Souvenir de la Malmaison, la mwaka 1843, ni pinki iliyofifia kama ngozi; kwenye hewa kavu hakuna la kulishinda, na kwenye mvua matumba yake hugandamana na kuoza. Wote watatu wana udhaifu wa madoa meusi na ubwiri, na kwenye unyevu wa Machi na Aprili utauona. Sitaki kumdanganya mtu.

Kwa sababu hiyo, kwa mtu wa pwani ambaye hana muda wa kuhudumia, ninaweka mbele ya Bourbon ukoo mwingine: mawaridi ya chai, yaliyofika Ulaya kutoka Uchina na yakawa hayaipendi baridi ya Ulaya. Huko yaliteseka kwenye nyumba za vioo. Kwingine yalishamiri, na mahali pa kutazama ni Bermuda. Kisiwa kile ni jiwe la chokaa, udongo ni haba na wa magadi, upepo una chumvi, joto lina unyevu: mkazi wa Kizimkazi au Malindi angejihisi nyumbani. Chama cha mawaridi cha Bermuda kilianzishwa mwaka 1954, na kazi yake mojawapo imekuwa kutunza miwaridi ya chai na ya Kichina iliyokutwa kwenye nyua na makaburi, ikiwa imeishi miaka mingi bila dawa. Mingi majina yake ya asili yamepotea, nao wakaamua kuiita kwa majina ya mahali au ya watu waliokutwa nayo. Wala hawakuona aibu.

Kati ya yenye majina, anza na Duchesse de Brabant la mwaka 1857. Ni pinki ya lulu, ua lake huinama kama kikombe, harufu yake ni ya chai yenye utamu kidogo, na huchanua karibu bila kukoma. Inasemekana Theodore Roosevelt alipenda kulichomeka kwenye koti. Halifai kukatwa na kuwekwa mezani, kwa kuwa shingo yake ni laini na petali hudondoka siku ya pili au ya tatu. Ni la kunusa likiwa mtini.

Chini ya miguu yake

Udongo wa pwani ndio unaowashinda wengi, kuliko joto. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na matumbawe ni chokaa tupu. Mti hushindwa kuvuta chuma na majani machanga hugeuka ya manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Maji ya kisima yenye chumvi huongeza balaa. Njia rahisi ni kuachana na ardhi: tumia chungu au pipa lenye ujazo wa lita 40 hivi, lenye matundu, ulijaze udongo mwekundu, samadi iliyooza kabisa na mboji, na uusuuze udongo huo kwa maji mengi ya mvua kila yanapopatikana ili chumvi ishuke. Pwani uupe jua la asubuhi na kivuli kuanzia alasiri. Nyanda za juu uuache juani kutwa. Saa sita za jua ndicho kima cha chini.

Kama unapanda kwenye mchanga, uliza mche umebebeshwa juu ya shina gani. Mashamba mengi ya Kenya hutumia Natal Briar, ambalo huenda vizuri kwenye udongo wa mlimani. Kwenye mchanga wenye minyoo ya mizizi, kama ule wa Florida, wakulima wamekuta shina la Fortuniana ndilo linalostahimili. Kama muuzaji hajui, na mara nyingi hajui, chukua mche ulioota kwa kipandikizi chake wenyewe. Miwaridi ya chai na ya Kichina huota hivyo bila shida, na faida yake ni kwamba kila chipukizi linalotoka chini ni la mti uleule. Kwa ule uliobebeshwa, chipukizi lililo chini ya kiungo ni la shina la watu. Ling'oe kwa mkono, usilikate, kwani ukilikata litarudi na wenzake. Ukiona mwaridi uliokuwa mwekundu "umegeuka" kuwa na maua madogo ya rangi nyingine, haukugeuka. Mwenyewe alikufa na shina likarithi nyumba.

Madoa meusi hayawezi kuanza bila jani kubaki limelowa kwa muda wa saa saba hivi. Kwa hiyo mwagilia asubuhi, chini, kwenye mizizi. Anayemwagilia jioni kwa bomba juu ya majani ameupa ugonjwa usiku mzima. Okota majani yaliyoanguka uyachome au uyafukie mbali. Kiangazi utitiri mwekundu huingia chini ya majani; hapo ndipo maji ya nguvu kwenye mgongo wa jani, asubuhi, husaidia kuliko dawa nyingi. Vidukari waachie wadudu kobe na vidole vyako. Na kama una nia ya kutumia petali kwa marashi, kwenye chai au kwenye halua, basi dawa za dukani zikae mbali na mti huo, na maua ya ndoo za barabarani usiyatie mdomoni kabisa.

Kwa kuwa hatuna majira ya baridi ya kuuambia mwaridi ulale, kazi hiyo ni ya mkasi. Tangu kupogoa hadi ua kufunguka ni wiki sita hadi nane, kutegemea aina na ubaridi wa mahali. Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa pua. Ukipogoa masika yakiisha, mwishoni mwa Mei, maua yatakukuta Julai: mvua za kuozesha matumba zimepungua, na hewa ya kipupwe imepoa kiasi cha harufu kukaa. Pwani, huo ndio mwezi wa waridi. Mekundu ya kisasa yakate bila huruma, hadi magotini. Miwaridi ya chai haipendi hivyo. Ondoa vijiti vilivyokufa na vilivyosuguana, punguza robo, uiache.

Kuhusu kupata miche, usijaribu kuificha kwenye begi ukitoka Ulaya au Dubai. Uingizaji wa mimea unahitaji kibali, kutoka mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha huko ulikoitoa, na sababu ni za kweli: minyoo na virusi husafiri na mizizi. Mister Lincoln na Double Delight huulizwa zaidi ya wengine, hivyo ukiwatajia wauzaji wakubwa wa mlimani majina hayo, baadhi yao watayajua. Za Austin na za Bourbon zitakugharimu utafutaji.

Hata hivyo, kabla ya kuagiza chochote, tembea mtaani kwako. Ukiona kwenye ua wa nyumba ya zamani mwaridi wa pinki usio na jina, unaonukia, ambao mwenye nyumba hajawahi kuupiga dawa, huo umeshafaulu mtihani ambao katalogi haiwezi kuufanya. Piga hodi. Omba tawi lililotoka kuchanua, la unene wa penseli, urefu wa sentimita 20. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili juu, lichomeke hadi nusu kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, lifunike kwa chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa kitako, uliweke kivulini na usilivute kuchungulia kama limeota. Chukua vijiti vitano au sita, kwa sababu vingine vitakufa. Vikiota, kimoja mrudishie mwenyewe, maana mti wa zamani hauna dhamana, na siku ukikauka kwake atajua wa kumwendea.